Mhariri, mrudishie Ila nafasi yake

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita gazeti lako lilichapa makala ya kurasa mbili kuhusu asili ya ulimwengu na nasaba za wafalme katika maandiko ya kale ya Wahindu. Katikati paliwekwa mchoro mkubwa wa ukoo, Brahma, mungu muumbaji, juu kabisa, chini kulia mfalme Rama wa Ayodhya, chini kushoto wale ndugu waliopigana kwenye vita vya utenzi wa Mahabharata. Kando ya kila jina paliandikwa mwaka. Jumatano msomaji mmoja akajibu kwamba yote hayo ni hekaya za kubembelezea watoto, na akasikitikia wino uliopotea. Mimi sikubaliani na mwandishi wala na aliyemjibu, nami naomba nafasi, hasa kwa ajili ya Ila, mama wa ukoo ambaye mchoro wenu umemwacha.

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 31, na mingi kati ya hiyo niliimaliza kwenye majalada ya mirathi. Nimepokea michoro ya koo iliyochorwa kwenye karatasi za daftari, nyuma ya kalenda, na mmoja juu ya kipande cha boksi. Nimesikia watu wakitaja babu zao bila kupepesa macho, na wiki ya pili wakawataja tena, safari hii mmoja kapungua. Lakini jambo moja halikubadilika miaka yote hiyo: kila nasaba iliyofika dirishani kwangu ililetwa kwa sababu kuna kitu kinadaiwa. Hajatokea mtu akanihesabia vizazi saba kwa kujifurahisha. Nilipostaafu nikaanza kusoma maandiko haya katika tafsiri, kwanza nyimbo za Rigveda, kongwe kuliko yote, kisha baadhi ya Upanishad, vitabu vya falsafa, kisha Vishnu Purana, kimojawapo cha vitabu vya simulizi za kale. Nilipofika kwenye orodha za wafalme nikajiona nimerudi kazini.

Nianze na uumbaji. Makala yako inasema kuwa kwa Wahindu dunia ilitoka katika yai. Ni kweli yai limo. Limo la dhahabu likielea juu ya maji, Prajapati, bwana wa viumbe, akatoka humo baada ya mwaka mzima. Limo jingine ambalo nusu yake ya fedha ikawa ardhi na nusu ya dhahabu ikawa mbingu. Lakini kusema hilo ndilo simulizi lao ni sawa na kufungua jalada lenye mashahidi tisa ukasoma ushahidi wa mmoja. Maandiko haya yanabishana yenyewe kwa yenyewe, na ubishi wenyewe umeachwa wazi kila mtu auone.

Chukua wimbo wa 129 wa kitabu cha kumi cha Rigveda. Una beti saba tu. Unaanza kwa kusema kwamba wakati ule kutokuwapo hakukuwapo, wala kuwapo hakukuwapo. Hapakuwa na mauti wala kutokufa, wala dalili ya usiku na mchana. Giza lilikuwa limefichwa ndani ya giza. Kitu kimoja kilipumua bila upepo, kwa nguvu zake chenyewe. Kisha ikaja tamaa, mbegu ya kwanza ya akili. Mtu anatarajia sasa aambiwe nani alifanya nini. Badala yake mtunzi anauliza: nani hasa ajuaye? Miungu wenyewe walikuja baadaye, basi nani aliyeshuhudia? Halafu ubeti wa mwisho unasema yule anayeutazama ulimwengu kutoka mbingu ya juu kabisa, huyo anajua, au pengine naye hajui. Nilipousoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Nimeona mashahidi wengi, lakini waliosema "sikuwapo, sikuona" kabla hawajaulizwa ni wa kuhesabu.

Katika Chandogya Upanishad mzee Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu, kijana aliyekwenda kusoma akiwa na miaka 12 akarudi ana 24 na majivuno tele. Baba anamwambia kwamba mwanzoni palikuwa na kuwapo tu, kumoja, bila wa pili. Anakiri kuwa wako wasemao mwanzoni palikuwa na kutokuwapo, kisha anamuuliza: lakini itawezekanaje, mwanangu, kuwapo kutoke katika kutokuwapo? Fungua Taittiriya Upanishad na utakuta hao "wasemao" wamesimama bila aibu: mwanzoni palikuwa na kutokuwapo, na humo ndimo kuwapo kulimozaliwa. Vitabu hivi viwili vimerithishwa pamoja kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na tofauti yao imeachwa ilivyo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni ule wa Brihadaranyaka Upanishad. Mwanzoni alikuwapo Mmoja tu, mwenye umbo la mtu. Akatazama huku na huku, hakuona mwingine. Neno lake la kwanza likawa "Ni mimi". Na maandiko yenyewe yanaongeza, kama mtu anayekukonyeza, kwamba ndiyo maana hata leo mtu akiitwa hujibu kwanza "Ni mimi," ndipo ataje jina lake lingine. (Miaka 31 dirishani, Mhariri. Nagonga muhuri, nasikia mlango, nauliza nani, najibiwa "Ni mimi".) Kisha akaogopa, maana aliye peke yake huogopa. Akawaza: naogopa nini, na hakuna mwingine? Hofu ikamtoka, lakini furaha hakuipata. Akajigawa pande mbili, mume na mke. Mke akakimbia akawa ng'ombe, mume akamfuata akawa fahali. Akawa farasi jike, naye akawa dume. Hivyo hivyo wakashuka hadi sisimizi. Mwandishi wako hakuyataja haya hata kwa mstari mmoja, na mwenzangu wa Jumatano akayaita ya watoto. Mtoto gani anayewaza kuhusu upweke wa wa kwanza?

Uko pia wimbo wa Purusha, mtu mwenye vichwa elfu aliyetolewa kafara na miungu: akilini mwake ukatoka mwezi, jichoni jua, pumzini upepo. Nautaja kwa sababu ya ubeti wake mmoja tu. Unasema kinywa chake kikawa Brahmana, yaani kuhani, mikono yake mtawala, mapaja yake Vaishya, yaani mkulima na mfanyabiashara, na miguuni akatoka Shudra, yaani mtumishi. Katika nyimbo zote 1,028 za Rigveda ni hapo tu matabaka hayo manne yanapotajwa pamoja. Karani wa mirathi akisoma hapo hushika kalamu. Hapo mwili umekwisha kugawanywa kama shamba, na kila mtu ameonyeshwa mpaka wake tangu siku ya kwanza.

Na hapo ndipo ninapojibu swali ambalo makala iliuliza na kulipita: kwa nini vitabu vinavyosimulia asili ya nyota vinamalizikia kwenye majina ya wafalme? Purana kuu ni 18, na kwa desturi ya kale Purana ina alama tano: uumbaji, uumbaji upya baada ya maangamizi, nasaba za miungu na wahenga, zama za akina Manu, wazazi wa wanadamu, na habari za koo za wafalme. Msomaji wa leo anadhani hizo ni mada tano zilizofungwa kitita kimoja kwa bahati mbaya. Mimi naiona hoja moja. Ukitaka kudai kiti, kianzishe siku ambayo hakuna wa kukupinga. Brahma alimzaa Marichi, Marichi akamzaa Kashyapa, Kashyapa akamzaa Vivasvat ambaye ni jua, Vivasvat akamzaa Manu, na Manu alipopiga chafya akatoka Ikshvaku, mfalme wa kwanza wa Ayodhya. Kutoka giza la mwanzo hadi ikulu ni hatua tano na chafya moja.

Waliotunza orodha hizi waliitwa suta. Vayu Purana inasema wazi kuwa wajibu wa suta, kama walivyouona watu wema wa zamani, ni kuhifadhi nasaba za miungu, za wahenga na za wafalme wenye sifa. Na asili ya hao suta imesimuliwa katika Vishnu Purana kwa namna ambayo sijui kama waandishi walikusudia nicheke, lakini nilicheka. Mfalme Vena alikuwa mbaya. Alipiga marufuku kafara, na wahenga wakamuua kwa majani ya nyasi ya kusha yaliyosomewa mantra. Nchi ikabaki bila mfalme, wezi wakatamba. Wahenga wakausugua mkono wa kulia wa maiti, akatoka Prithu, naye akatawazwa. Siku hiyohiyo wakazaliwa suta na mwenzake magadha, wakaamriwa: msifuni mfalme huyu. Wakajibu, kwa haki kabisa, kwamba mfalme amezaliwa leo, matendo yake hayajulikani, jina lake halijaenea, sasa wamsifu kwa lipi? Wahenga wakasema: msifuni kwa yale atakayoyatenda. Wakamsifu. Mfalme akasikia akafurahi, akaazimia kutenda kama alivyoimbwa. Andiko lenyewe linakiri kuwa sifa ilitangulia tendo, tena halioni haya.

Sasa mchoro wenu. Mwandishi ameorodhesha watu kutoka Ikshvaku hadi Rama kana kwamba iko orodha moja. Ziko nyingi, na hazilingani. Katika Ramayana, utenzi wa maisha ya Rama, orodha inatajwa mahali ambapo mtu yeyote mzima ataelewa: kwenye mazungumzo ya ndoa. Dasharatha amekuja kumwoza mwanawe Rama kwa Sita, binti wa Janaka mfalme wa Mithila. Anasimama kuhani Vasishtha kwa niaba ya upande wa mume na kutaja ukoo tangu Brahma. Kisha Janaka anaunganisha viganja na kuutaja wa kwake mwenyewe, akieleza kwamba anayetoa binti lazima autangaze ukoo wake wote. Ni ushahidi uliotolewa mbele ya upande wa pili, unaosikiliza kwa makini.

Weka orodha ya Vasishtha kushoto, ya Vishnu Purana kulia, uburute rula chini polepole. Kulia utaona Raghu, halafu Aja, halafu Dasharatha, halafu Rama. Yaani Raghu ni baba wa babu yake Rama. Kushoto, kati ya Raghu na Aja wamesimama watu zaidi ya kumi. Ni akina nani? Wamo Sudarshana, Agnivarna, Shighraga, Maru. Hao hao ukiwatafuta katika Purana unawakuta, lakini chini ya Rama, vizazi vingi baada yake! Babu wa shahidi mmoja ni wajukuu wa shahidi mwingine. Na si hivyo tu: upande wa kushoto wamo pia Nahusha na mwanawe Yayati, ambao kila mahali pengine ni watu wa ukoo wa mwezi, ile nyumba nyingine ya wafalme, si wa jua wa akina Ikshvaku. Mwandishi wako ameona tatizo hilo, nadhani, maana amechukua orodha ndefu na kunyamaza. Angetuonyesha zote mbili. Nyufa ndizo zinazokuambia nyumba imejengwa kwa awamu ngapi.

Kuhusu ile safu ya miaka sina budi kuwa mkali. Kwa hesabu ya Purana zenyewe, zama za Dvapara, za tatu kati ya zama nne za dunia, ni miaka 864,000, na Rama ni wa mwisho wa zama zilizozitangulia. Kati ya Rama na Brihadbala, mfalme wa ukoo huohuo aliyeuawa katika vita vya Mahabharata mwishoni mwa Dvapara, orodha ina takriban vizazi 30. Gawanya: kila baba angengoja miaka 28,800 hivi kabla ya kumpisha mwanawe. Hesabu ya zama na hesabu ya vizazi zilitengenezwa na watu tofauti kwa shughuli tofauti, na hazikukusudiwa kukutana kwenye safu ya "KK". Miaka iliyochapwa kwenye mchoro si ya maandiko, na si ya wachimbaji wa mabaki ya kale pia. Ni ya mtu fulani mwenye kikokotoo.

Hapo mwenzangu wa Jumatano atapiga makofi. Asubiri kidogo.

Yayati alikuwa na wana watano: Yadu na Turvasu kwa Devayani, Druhyu, Anu na Puru kwa Sharmishtha. Akalaaniwa na baba mkwe wake akazeeka ghafla, akawaomba wana wampokee uzee ule wampe ujana. Wanne wakakataa. Puru, kitinda mimba, akakubali, na baada ya miaka elfu baba akamrudishia ujana pamoja na ufalme. Mahabharata inasimulia kwamba wananchi wakapinga: vipi unamruka Yadu, mkubwa? Yayati akalazimika kujieleza hadharani. Hekaya, sawa. Lakini rudi kwenye Rigveda, iliyo ya kale zaidi, uyatafute majina hayo matano. Yapo, na ni majina ya makabila! Mengine yamo kwenye vita ambavyo mfalme Sudas wa kabila la Bharata aliwashinda wafalme kumi kando ya mto Parushni, ambao leo ni Ravi. Makabila yaliyogombea maji na malisho yamekuwa, karne nyingi baadaye, ndugu waliogombea urithi wa baba mmoja, na wazao wa Puru ndio wanaosimulia. Hekaya ya mtoto mtiifu ina mkataba wa kisiasa ndani yake. Ukiitupa kwa kuwa ni hekaya, umeutupa na mkataba.

Kuna na jingine. Vishnu Purana inajifanya imesimuliwa enzi za Parikshit, mjukuu wa Arjuna, mmoja wa mashujaa wa Mahabharata. Inasema "ambaye sasa anatawala". Kwa hiyo wafalme wote waliofuata inawataja kwa wakati ujao: atakuja fulani, atatawala. Atakuja Mahapadma Nanda, mwana wa mwanamke wa Shudra, atakayewafyeka Kshatriya, tabaka la watawala na wapiganaji. Yeye na wanawe wanane watashika miaka 100. Brahmana Kautilya atawang'oa na kumtawaza Chandragupta. Wafalme kumi wa ukoo wa Maurya, ulio wa Chandragupta, watatawala miaka 137, Shunga kumi miaka 112, Kanva wanne miaka 45. Utabiri wa namna hii mimi naufahamu. Ni kama wosia unaotaja kwa usahihi mambo yaliyotokea baada ya tarehe yake. Unajua ni lini umeandikwa kwa kutazama utabiri unapoanza kukosea.

Lakini hayo majina je? Tarehe 28 Februari 1793, mwanazuoni William Jones aliwaambia wenzake wa Jumuiya ya Asia kule Calcutta kwamba Sandrocottus wa vitabu vya Wagiriki, aliyepokea balozi Megasthenes katika mji wa Pataliputra, ndiye Chandragupta wa maandiko ya Kihindi. Hapo orodha ikapata msumari wa kwanza ukutani. Mjukuu wa Chandragupta katika Purana ni Ashokavardhana. Maandishi ya mawe yaliyosomwa na James Prinsep mwaka 1837 yalikuwa ya mfalme anayejiita Mpendwa wa Miungu, bila jina tulilolizoea. Mwaka 1915 likapatikana jiwe huko Maski, kusini mwa India, na juu yake limeandikwa: Ashoka. Masuta na wanakili wao walilibeba jina hilo kwa karne nyingi ambazo hapakuwa na mtu wa kuyasoma mawe. Huyo si mtunga porojo.

Na huyo Megasthenes mwenyewe alizisikia orodha hizi. Arrian, mwanahistoria wa Kigiriki, akimnukuu, anasema Wahindi walihesabu wafalme 153 na miaka 6,042 kutoka yule ambaye Wagiriki walimwita Dionysus hadi Sandrocottus. Inakuja miaka 39 na ushei kwa kila mfalme, mingi mno, lakini inaonyesha kuwa karne ya nne au ya tatu kabla ya Kristo orodha ndefu ilikuwa tayari inasomwa pale ikulu.

Makosa ya orodha hizi pia yana mafunzo. F. E. Pargiter, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta (mtu wa kazi yetu, Mhariri), mwaka 1913 alichapisha matokeo ya kulinganisha hati nyingi za orodha hizi neno kwa neno. Zitazame na utaona tabia moja: watu walioishi wakati mmoja hupangwa foleni. Katika ukoo wa Ikshvaku wametajwa Shakya, Shuddhodana, Rahula na kisha Prasenajit, kama wafalme wanaorithiana. Shuddhodana ni baba yake Buddha na Rahula ni mwanawe. Shakya ni jina la kabila lao. Na Prasenajit alikuwa mfalme wa Kosala aliyeishi zama za Buddha mwenyewe. Vivyo hivyo akina Pradyota wa Avanti wamewekwa kabla ya Shishunaga wa Magadha, ilhali enzi zao ziliingiliana. Nyuzi zilizokuwa sambamba zimesokotwa kamba moja ndefu. Nimeliona hilo mara nyingi: ndugu wanne wa tumbo moja wakageuzwa baba, mwana, mjukuu na kitukuu, kwa sababu shahidi alikariri majina yote na hakukariri nani yuko ubavuni mwa nani.

Wafalme waliofuata hawakusubiri mtu awaonyeshe faida ya jambo hili. Wapallava wa kusini walichonga kwenye bamba za shaba ukoo ulioanza kwa Brahma ukapitia shujaa Ashvatthaman hadi kwao. Bhoja wa ukoo wa Pratihara alijipachika kwa Lakshmana, ndugu yake Rama. Kwa kuwa pratihara maana yake ni bawabu, wakasema Lakshmana alikuwa bawabu wa kaka yake. Shivaji wa Wamaratha, kabla ya kutawazwa Raigad mwaka 1674, alimhitaji mwanazuoni Gaga Bhatt wa Varanasi auunganishe ukoo wake na ule wa Sisodia wa Mewar, ambao nao hujihesabu watoto wa jua. Na Agosti 2019, shauri la kiwanja cha Ayodhya, panapoaminiwa kuwa alizaliwa Rama, likisikilizwa katika Mahakama ya Juu ya India, swali likaulizwa iwapo uzao wa Rama bado upo. Diya Kumari, mbunge wa wakati huo, wa familia ya kifalme ya Jaipur akajitokeza kusema wao ni wa uzao wa Kusha, mwana wa Rama. Nilisoma habari ile nikavua miwani. Miaka elfu tatu ya mashairi, na bado ni kiwanja.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Katika mchoro wenu, upande wa ukoo wa mwezi, kuna mstari ulionyooka: Soma ambaye ni mwezi, mwanawe Budha (si Buddha), kisha Pururavas. Pururavas ana baba tu. Mama hayupo, na ukoo mzima wa mwezi unaning'inia kwa Soma peke yake, haumgusi Manu popote.

Mama yake ni Ila, binti wa Manu. Habari yake ni ya kale kuliko Purana zote. Katika Shatapatha Brahmana, kitabu cha kale cha taratibu za kafara, Manu anaokolewa na samaki kwenye gharika, jahazi lake limefungwa kwenye pembe ya samaki huyo, na maji yakipungua anabaki peke yake duniani. Anatoa sadaka ya samli na maziwa ndani ya maji, na baada ya mwaka anatokea mwanamke. Miungu Mitra na Varuna wanakutana naye njiani. Wanamuuliza: wewe ni nani? Anasema: binti wa Manu. Wanamwambia: sema wewe ni wetu. Anajibu: hapana, mimi ni wa yule aliyenizaa. Wakataka angalau fungu kwake. Na andiko linasema ama alikubali ama hakukubali, lakini aliwapita akaenda zake. Sijawahi kuona shahidi bora.

Katika Vishnu Purana kesi imekuwa ngumu zaidi. Manu anafanya kafara kwa Mitra na Varuna akitaka mwana wa kiume. Kuhani anakosea, anazaliwa Ila. Kwa hisani ya miungu hao anageuka mwanamume, Sudyumna. Kwa laana ya Shiva anageuka tena mwanamke. Anamzaa Pururavas kwa Budha. Kisha anarudi kuwa Sudyumna. Ufalme ulipogawanywa, kwa kuwa aliwahi kuwa mwanamke, hakupewa fungu. Vasishtha akamwombea, na baba yake akampa mji wa Pratishthana, naye akampa Pururavas. Humo ndimo walimotoka Nahusha, Yayati, Puru, Bharata, Kuru, na wale ndugu mliowaandika chini kushoto kwa herufi nzito.

Kwa hiyo nyumba zote mbili, ya jua na ya mwezi, zinakutana kwa Manu, moja kwa mwana na nyingine kwa binti. Waliotunga maandiko hayo hawakuwa watetezi wa wanawake, mmeona wenyewe walivyomnyima fungu. Hata hivyo jina lake waliliandika. Limepita mikononi mwa wanakili wa karne zote hizo bila kufutwa, likaja kuanguka kwenye meza ya mchoraji wenu.

Naomba basi mchoro uchapishwe upya. Safu ya miaka iondolewe. Kutoka kwa Manu uchorwe mstari wa pili, aandikwe Ila, na Sudyumna kwenye mabano, kisha aunganishwe na Budha. Nafasi ipo. Nimepima kwa rula kwenye nakala yangu, na kati ya Ikshvaku na Budha kuna sentimita nne na nusu ambazo hazina kitu.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Karani mstaafu